Kisichokaa Hakikuvaliwa

Katika karakana ya vivalio vya meno kulikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua kama anavyojua jina la mama yake: kisichokaa hakikuvaliwa. Maana yake ni hii. Mgonjwa mwenye meno yaliyopandana hupewa vivalio vya plastiki angavu, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza husogeza meno kidogo, cha pili kidogo tena, hivyo hivyo mpaka meno yashike adabu. Kliniki ikilalamika kwamba cha pili hakikai mdomoni, karakana hujibu kwa heshima zote kwamba mgonjwa hakukivaa cha kwanza. Mashine haina uvivu wala uongo. Mgonjwa amejaliwa vyote viwili. Kesi imekwisha, chai iletwe.

Hakimu mkuu wa kesi hizo alikuwa fundi mmoja mwembamba aliyebandikwa jina la Milimita, kwa kuwa hata sukari ya chai aliitia kikombeni huku amefumba jicho moja. Alikuwa hodari, hilo hatumnyimi. Printa ikishatoa kalibu, yaani mfano mgumu wa meno ya mgonjwa, moja kwa kila kivalio, ni yeye aliyepasha moto bamba la plastiki mpaka likalegea, akalikandamiza juu ya kalibu kwa nguvu ya hewa, akalibandua, akalikata kingo na kulisugua.

Ilipofika zamu ya binti yake kunyooshwa meno, Milimita alikataa katakata aguswe na mkono wa fundi mwingine.

"Mganga hajigangi," aliwatangazia wenzake, "lakini hakuna aliyesema hagangi bintiye."

Kivalio cha kwanza alikitengeneza kama anayeshona nguo ya malkia. Alikiacha juu ya kalibu mpaka kikapoa kabisa, ndipo akakibandua. Binti alikivaa, kikalia tak, kikakaa kama kimezaliwa naye. Basi sifa zikampanda fundi kichwani. Vilivyobaki alivimaliza vyote kwa mkupuo alasiri moja, karakana ikikaribia kufungwa, maana alitaka avipeleke nyumbani vikiwa kwenye kisanduku chenye utepe. Kila bamba alilibandua lingali la moto, akipuliza vidole na kujichekea, kisha akaweka jingine. Haraka haraka haina baraka ni wimbo wa watoto wa chekechea, na Milimita alikuwa amehitimu zamani.

Ulipofika wakati wa kivalio cha pili, binti alikuja sebuleni mkono ukiwa shavuni.

"Baba, hiki hakikai. Kinainuka hapa kwenye chonge."

"Hakikai, au cha kwanza hukukivaa?"

"Nimekivaa! Nalala nacho, naamka nacho. Nakivua nikila na nikipiga mswaki tu."

"Na ukiimba?"

Hapo ndipo palipokuwa na shubiri. Binti alikuwa mwimbaji wa kwaya ya shule, na mwalimu alikuwa amempa ubeti wa kuimba peke yake katika mashindano ya mji jirani. Siku za mwanzo za kivalio, kila "s" ilimtoka kama tairi linalopoteza upepo, na wenzake, kwa ule upendo unaopatikana madarasani, wakamwita Pancha. Yeye hakukivua. Alifanya mazoezi bafuni, akaimba mpaka "s" ikatoka safi, na Pancha likabaki jina lisilo na sababu.

"Naimba nacho, Baba. Waulize wanaoniita Pancha."

"Kisichokaa hakikuvaliwa, mama."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, aliingilia. "Baba Pancha, mtoto analala nacho. Mimi namwona."

"Unamwona amefumba mdomo."

"Sasa ulitaka alale ameachama kama mamba?"

Binti hakucheka. Alimtazama babake na kusema polepole, "Basi kijaribu kwenye kalibu yangu. Kile cha pili kwenye kalibu ya pili. Kalibu haiimbi wala haili pipi. Kisipokaa pale, si mimi."

Lilikuwa wazo rahisi, la dakika mbili. Lakini Milimita hakuwa amewahi kukirudisha kivalio kwenye kalibu yake tangu aanze kazi. Mwenye sheria ya kutosha hahitaji ushahidi. Isitoshe, alihisi anahojiwa na mtoto mbele ya mama mtu.

"Kazi yangu haijaribiwi na mwanafunzi," alisema. "Na kwaya hakuna, mpaka ujifunze kuvaa. Mashindanoni huendi."

"Sawa, Baba."

Hakulia wala hakubisha. Milimita aliiona ile "sawa" kuwa ni kukiri kosa, akalala usingizi mnono.

Jumamosi, basi la kwaya lilipoondoka, yeye alikuwa karakanani akipanga upya rafu. Katika mfuko wa shati alikuwa na kile kivalio cha pili. Alikuwa amekichukua apunguze ukingo kidogo ili kiingie, bila kumwambia mtu. Mkono wake ukaangukia kalibu ya pili ya bintiye, na meno yale madogo yakamkenulia, chonge moja ikiwa imejitokeza mbele kama mtu anayetaka kuongea. Alitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akakivalisha.

Hakikukaa. Kilicheza kama meza ya mgahawa yenye mguu mfupi. Akakibonyeza upande huu, kikainuka ule, pale pale kwenye chonge alipoonyeshwa. Akakigeuza, akakisafisha, akakibonyeza tena kwa vidole gumba viwili. Kalibu haikuwa imekula pipi.

Alipasha moto bamba jipya, akalikandamiza juu ya kalibu ile ile, na safari hii akakaa kulisubiri. Hakuna kazi ngumu kama kusubiri plastiki ipoe ukiwa peke yako na dhamiri. Alipolibandua likiwa baridi na kulikata, lilirudi mahali pake kwa mlio mdogo mkavu. Plastiki ikitolewa ingali laini, hujikunja ikipoa na kusahau umbo lake. Hilo alilijua. Alilifundisha hata kwa wanagenzi.

Alimpigia mwalimu wa kwaya simu.

"Tumeshafika, mzee," mwalimu alisema katikati ya kelele. "Ubeti nimempa mwenzake. Hajaumudu, lakini tutafanyaje?"

"Nikimleta sasa hivi?"

"Ndio wanapanda jukwaani."

Jioni alimkuta binti chumbani, ameinamia vitabu chini ya taa ya meza. Alimpa kivalio kipya. Binti akakivaa, kikalia tak.

"Kimekaa," alisema.

"Ulikivaa cha kwanza. Hukukosea kitu. Cha pili mimi nilikibandua kikiwa cha moto, kwa haraka yangu." Milimita alikuwa amepanga hotuba ndefu njiani, lakini hayo ndiyo yaliyobaki. "Nimekijaribu kwenye kalibu, kama ulivyosema. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, Baba." Aliyasema kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni aliyekukanyaga kwenye foleni.

"Mwakani nitakupeleka mwenyewe. Nitakaa kiti cha mbele."

"Mwakani nitakuwa nimemaliza shule."

Milimita alikaa ukingoni mwa kitanda. Angependa afokewe; kelele angejua la kuzifanya. Binti alifungua ukurasa, akaandika mstari, kisha kalamu ikasimama.

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Wa kliniki. Wale mnaowajibu kwamba hawakuvaa."

Aliwafikiria. Hakuwajua sura, aliyajua meno yao tu: mama mmoja mwenye mwanya, mzee mwenye gego lililolala, mtoto ambaye kliniki ilimlalamikia mara mbili na mara mbili akajibiwa. Kila mmoja alikuwa na nyumba, na katika nyumba hiyo pengine palikuwa na baba kama yeye. Kalibu zao zilikwisha kutupwa. Alisogea kidogo kitandani kumkaribia.

"Baba," binti alisema bila kugeuka, "unanizibia taa."