Patrobas Alivyosahihisha Ushindi wa Wandera

Patrobas Nabiswa alitembea na kalamu nyekundu mfukoni hata siku za kwenda kanisani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mablanketi. Kazi yake ilikuwa kusaka kasoro na kuitia alama, na alipostaafu yeye, kalamu haikustaafu. Alisahihisha matangazo ya mazishi yaliyobandikwa ukutani, akasahihisha barua za kanisa, akasahihisha hata bei walizoandika wauza mitumba pale soko la Gikomba. Mkewe Nabalayo alisema mumewe akifika mbinguni ataomba kwanza akikague kitabu cha uzima.

Jumamosi moja ya Agosti mwaka 1996, kalamu hiyo ilipata kazi. Patrobas alikuwa amekaa nje ya nyumba yao mtaani Shauri Moyo, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na mkononi ana karatasi iliyoandikwa na Wandera, mtoto wa marehemu kaka yake. Wandera alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa, bingwa anayetajwa redioni. Patrobas ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minane, na siku hiyo ndiye angekuwa msemaji wake kwenye posa, kwa Mzee Naftaly, seremala wa mtaa wa Ziwani.

Posa yenyewe ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Jecinta, binti wa Naftaly, alikuwa amewaonya: "Baba hapendi watu wa gofu. Amekubali kuwasikiliza mara moja tu. Mkitoka bila neno, msirudi." Patrobas alidhani anajua sababu. Seremala anayetoka jasho mchana kutwa ataonaje kupiga kampira kuwa ni kazi? Dawa yake ni kumsomea ushindi wa kijana, mmoja mmoja, mpaka anyamaze. Ndiyo maana aliagiza karatasi.

Karatasi ilisema hivi: mwaka 1991, Kombe la Chai, Wandera alishinda kwa mapigo 281, wa pili 284. Mwaka 1993, Kombe la Mabonde, Wandera 276, wa pili 283. Mwaka 1994, Kombe la Chai, Wandera wa pili, kwa pigo moja. Hapo kijana alikuwa amepiga mstari chini. Mwaka 1995, Kombe la Miinuko, Wandera 274, wa pili 275.

Patrobas alisoma mara mbili, akatikisa kichwa. Maskini mtoto, aliacha shule kidato cha pili! Amejiandikia kidogo, adui zake akawaandikia nyingi.

Msomaji anayejua gofu ameshashika tama. Mchezo huo haufanani na kandanda. Anayeufikisha mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi. Patrobas hakulijua hilo, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu miaka saba mizima alikuwa amewaambia majirani kwamba anaielewa gofu vizuri sana. Mwaka 1989, Wandera aliporudi kutoka shindano lake la kwanza na kusema amepiga 102, Patrobas aliruka juu, akachinja jogoo. Kupita mia moja, mara ya kwanza tu!

Basi akatoa kalamu. Kubwa akampa Wandera, ndogo akampa wa pili. Alipofika kwenye ule mwaka wa kushindwa aliufuta kwa mstari mnene. Nani huenda kuposa akiwa amebeba kushindwa kwake?

"Baba mdogo," Wandera alisema akitoka ndani, tai imemkaba, "kabla hatujaenda, kuna kitu kuhusu zile hesabu nilitaka kukueleza. Na pia kuhusu Mzee Naftaly, zamani ali..."

"Nani alikulea?"

"Ni wewe, Baba mdogo."

"Basi leo kazi yako ni kunyamaza. Bwana harusi akiongea kabla ya kuulizwa, watasema ana haraka."

Wakatoka, Nabalayo akiwa mbele na kikapu, kreti za soda zikifuata kwa mkokoteni. Vijana wa mtaa waliokuwa wameegemea ukuta wakapiga mbinja. "Niaje, champe! Leo ni leo! Usirudi mikono mitupu!"

Kwa Naftaly walipokelewa vizuri. Viti vilikuwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma, mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ulikuwa wa kutosha, na kreti mbili za soda walizoleta wageni ziliwekwa katikati ya chumba, hazijafunguliwa, zikisubiri jibu la posa. Mwenye nyumba alikaa pembeni, mikono yake mikubwa juu ya magoti, akimwachia maneno rafiki yake Gachanja, mzee mwembamba mwenye kofia mkononi na ulimi wa kushinda kesi.

"Tumeambiwa kijana wenu ni bingwa," Gachanja alisema. "Sisi hapa Ziwani tunajua mabingwa wa ndondi, wa kandanda, hata wa kula. Huyu ni bingwa wa nini?"

Patrobas alisimama, akakohoa kidogo, akafungua karatasi. Hapo ndipo alipong'ara. Kila kombe alilipamba: mvua iliyonyesha, umati uliopiga kelele, wazungu waliovua kofia. "Mwaka tisini na moja, mpinzani wake akajikaza, akafika mapigo mia mbili themanini na moja. Akachoka! Lakini Wandera wetu, mtoto wa nyumba, akaendelea kupiga tu, mpaka mia mbili themanini na nne!"

Gachanja aliitikia kwa heshima. Wandera aliinamisha kichwa na kufumba macho. Patrobas akadhani kijana anaona haya ya kusifiwa, akapandisha sauti.

"Tisini na tatu ndiyo kabisa. Alimwacha mwenzake kwa mapigo saba. Saba, wazee wangu!"

"Ngoja kidogo," alisema Naftaly. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. "Yeye ndiye alipiga zaidi?"

"Zaidi sana."

"Na akapewa kombe."

"Mbele ya watu wote!"

Naftaly alimgeukia Gachanja, akasema polepole, "Nilikuambia. Watu wa gofu ni waongo. Hata uongo wenyewe hawajui kuupanga." Kisha kwa Wandera: "Hiyo karatasi uliandika wewe?"

Wandera alimtazama baba yake mdogo, akatazama sakafu. "Mwandiko ni wangu, Mzee," akasema. Nyuma ya pazia la jikoni kitu kilianguka, na Patrobas alijua aliyekiangusha ni Jecinta. Gachanja alikuwa ameshaivaa kofia yake.

Patrobas hakuelewa amekosea wapi, lakini alielewa vizuri kwamba kosa ni lake na kwamba kijana anaelekea kulibeba. Msemaji akiaibika mbele ya wakwe, hadithi hiyo humfuata mpaka kaburini. Aliona aibu, akaona na uchungu, na uchungu ukashinda.

"Mwandiko ni wake," alisema, "lakini nambari ni zangu. Alikuwa ameandika vingine. Mimi nimesahihisha asubuhi, kwa kalamu hii." Akaitoa mfukoni, akaiweka juu ya kreti ya soda kama mtu anayesalimisha kisu. "Niliona amejiandikia kidogo. Wazee, mimi gofu siijui. Sijawahi kuijua."

Nabalayo alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Haikuwa kilio.

Naftaly alinyoosha mkono, akaomba karatasi. Aliishika mbali na macho, akafuata wino mwekundu kwa kidole, na uso ukaanza kulegea. Kisha kidole kikasimama.

"Hii ya tisini na nne mbona imefutwa?"

"Hiyo alishindwa, Mzee," Patrobas alijibu kwa sauti ndogo. "Niliona si ya kuringia."

"Nauliza kijana."

Wandera alinyanyua kichwa. "Ilikuwa siku ya mwisho. Mpira wangu uliingia kwenye miti, nikaufuata peke yangu. Nilipoweka fimbo karibu nao, ukasogea. Kidogo tu, kama upana wa punje ya mahindi. Sheria inasema hilo ni pigo moja juu yako."

"Nani aliona?"

"Hakuna."

"Sasa walijuaje?"

"Niliwaambia. Likahesabiwa, na nikakosa kombe kwa hilo hilo moja. Baba mdogo ameifuta, lakini kwangu hiyo ndiyo ninayoringia kuliko zote."

Naftaly alikunja karatasi, akaikunjua tena. "Kabla sijashika randa," alisema, "nilikata nyasi kwenye uwanja wa gofu miaka tisa. Niliwaona wakubwa wakiingia vichakani kufuata mipira yao. Wanaisukuma kwa kiatu, wanatoka wakitabasamu, wanaandika nne badala ya saba. Mimi hawakunificha, nani anamficha mkata nyasi? Ndipo nikaapa mtoto wangu hataolewa na mtu wa gofu." Aliilaza karatasi juu ya goti. "Miaka tisa, Baba Wandera. Sikuona hata mmoja akijihesabia."

Miaka yote ya kumlea kijana, hakuna aliyekuwa amemwita Patrobas hivyo. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Lakini msemaji amedanganya mbele ya wazee," Gachanja aliingilia, akivua kofia kwa furaha. "Kwetu hilo lina faini. Pigo moja la adhabu! Mbuzi mmoja juu ya wale wa mahari tutakaoelewana!"

"Nakubali," alisema Patrobas, na nyumba nzima ikacheka.

Jecinta aliitwa. Kama desturi ya kwao inavyotaka, baba yake alimuuliza mbele ya wote, "Binti yangu, hizi soda za watu tuzinywe?"

"Kunyweni, Baba," Jecinta alisema. "Na hiyo karatasi msiitupe. Nitaitia kwenye fremu."

Waliondoka jua likiwa bado juu, wakatembea kwa miguu kurudi Shauri Moyo. Nabalayo alitangulia akiimba wimbo wa kanisa. Patrobas alitembea nyuma yake mpaka wakakaribia nyumbani, ndipo akamshika Wandera mkono.

"Kwa hivyo kidogo ndiyo kushinda."

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Na ile mia na mbili? Ile ya mwaka themanini na tisa?"

Wandera alijaribu kuzuia kicheko. "Nilikuwa wa mwisho. Hata wazee wa miaka sabini walinipita."

Patrobas alisimama katikati ya njia. "Na nikachinja jogoo!"

"Ulifurahi sana, Baba mdogo. Ulinibeba mgongoni, na mimi nilikuwa na miaka ishirini. Ningekuambiaje?"

"Na ukala paja."

"Yote mawili."

Patrobas alimtazama kijana wake, bingwa mzima na tai yake imelegea, kisha akapapasa mfukoni kutafuta kalamu nyekundu. Akakumbuka ameiacha Ziwani, juu ya kreti.

"Basi hilo la jogoo ni pigo ambalo hukujihesabia," alisema. "Yule mbuzi wa faini tutamgawana."