Miyenzi ya Gervasi

"Hivi mama Jovina, huku kwenu ua hutembea?"

Nazario aliuliza hivyo mwezi ule aliorudi kutoka ukimbizini Tanzania, lori la Muyinga lilipokwisha kumshusha hapa Makebuko na mkewe na mabati yao. Aliuliza akicheka. Jovina naye akacheka, akasema mambo ya mipaka aliyajua marehemu mume wake.

Lakini miyenzi, miti ya ua huo, ilikuwa imetembea. Shamba la kina Nazario lilipokuwa halina watu, Gervasi, mumewe Jovina, alikata matawi ya miti hiyo yenye maziwa makali, akayapanda hatua tisa ndani ya shamba hilo. Jovina ndiye aliyembebea. Maziwa yakamrukia Gervasi jicho la kulia, likafa. Hakwenda kwa daktari. Angesema alikuwa anafanya nini?

Kabla ya kufa alisema, "Munizike pale, kwenye hatua tisa. Nani atahamisha kaburi?"

Akazikwa pale. Tangu hapo Jovina akipalilia maharage hunusa yale maziwa mikononi, hata akinawa kwa majivu. Kanisani hasogei tena kupokea komunyo. Watu husema ni uchungu wa ujane.

Jumanne moja wazee wa mlima, wanaoamua kesi za mashamba, walikuja, Anatoli mbele.

"Jovina, ni we tu unakumbuka. Mpaka iko hapa kwenye miyenzi?"

"Muulizeni polepole," akasema Nazario. "Wajane husahau."

Jovina alichukua jembe, akaupa ua mgongo, akahesabu hatua kuelekea nyumbani kwake. Ya nne ilimpitisha kando ya msalaba wa Gervasi. Kwenye ya tisa akachimba. Chini ya maharage yakatokea mashina ya zamani, yamekatwa na kufukiwa.

"Iko hapa. Matawi ni mi nilibeba."

Anatoli akavua kofia. "Na Gervasi?"

"Kaburi yake iko kwa Nazario."

"Yoo, Jovina! Unampa mtu shamba na maiti ndani?" Mzee akageuka. "Nazario, ardhi ni yako. Sema."

Nazario aliutazama msalaba. "Baba yangu nilimzika kule Tanzania," akasema, "kwenye udongo wa watu."

"Ukitaka Gervasi atoke, nitachimba mwenyewe," Jovina akasema. "We unijibu tu."

Nazario akamsogelea, akalitoa jembe mikononi mwake, akaliweka begani. Akaupita msalaba bila kugusa udongo, akashuka nalo mteremko.