Rehani ya Tungule, Rehani ya Harusi

Mjukuu wangu Mahira ndiye aliyenishauri nipande rehani katikati ya tungule zangu, zile ambazo wengine huziita nyanya, kwenye ndoo huku darini. "Harufu yake huwapoteza wale wadudu weupe, bibi. Hawatajua tungule ziko wapi."

Mwaka jana wadudu hao walinimalizia miche, sikula hata tungule moja. Basi nikapanda rehani, na safari hii tungule zimeanza kuiva.

Jana jirani yangu Mwanaesha akapanda ngazi akihema. "Shoga, mwanangu aolewa leo na sokoni rehani hakuna. Nipe ya kufungia kikuba, kile kishada cha kunukia cha kifuani, bibi harusi hawezi kutoka bila kunukia."

"Rehani hii yalinda tungule."

"Tungule zina mume gani wa kuzinusa?"

Nikacheka, lakini nilikwama. Kumnyima bibi harusi ni aibu. Kumpa ni kuziacha tungule uchi. Nikashika mkasi, nikauweka, nikaushika tena. Mwisho nikakata yote, vikabaki vijiti.

Leo asubuhi nimepanda darini roho juu. Nimegeuza jani moja moja, wadudu hakuna. Nimempigia simu Mahira, asema pengine harufu ilitapakaa nilipokata. Pengine. Mimi nahisi wadudu wamemfuata bibi harusi na rehani yake. Kama watarudi au hawatarudi, mimi sijui, na Mahira naye, nikimbana sana, hajui.