Ukuta Wenye Akiba

Fundi cherehani alifagia vumbi la saruji kizingitini, akalizoa kwenye ndoo, kisha akaketi mbele ya cherehani yake, ambayo bado ilikuwa imefunikwa shuka. Chumba kile cha chini alikipanga ili afungue duka la kushona. Ila kwanza akikarabati, kikaguliwe, apewe cheti. Bila cheti, mteja haruhusiwi kukanyaga ndani.

Tabu ilikuwa kitabu cha kanuni za ujenzi. Kila mwaka wa tatu hutoka kipya. Mlango aliujenga kwa kipimo cha kitabu cha kwanza. Zamu yake ya kukaguliwa ilipofika, cha pili kilishatoka, nacho kilitaka mlango mpana zaidi. Mwashi akabomoa, akajenga upya. Wakasubiri zamu nyingine, kikatoka cha tatu. Ukutani zilining'inia nguo alizoahidi kuzikabidhi siku ya kufungua. Sare moja ilisubiri hadi mwenyewe akamaliza shule, akaolewa.

"Safari hii niachie akiba," alimwambia mwashi.

"Akiba ya nini tena, mama?"

"Kama ya gauni. Kunja ukingo wa mlango kwa ndani, vidole vinne kila upande. Mwenye gauni akinenepa, nafumua."

"Ukuta haunenepi, mama yangu."

"Kitabu kinanenepa."

Mwashi alijikuna kisogo. Akayakunja matofali kwa ndani, akapiga plasta juu. Kazi ilikuwa safi, huoni hata mkunjo.

Kitabu cha nne kilipotoka, fundi alichukua wembe akafumua, kushoto kisha kulia, taratibu asije akachana plasta. Matofali yakakunjuka moja moja. Mlango ukatanuka, fremu nayo ikaufuata. Akashona upya kwa uzi mara mbili, akapiga pasi pale palipobaki alama.

Mkaguzi alikuja peke yake, saa nne asubuhi. Akavuta futi yake, akapima mara mbili.

"Mlango sawa kabisa, mama."

"Basi nipe cheti, mwanangu."

"Ila kwenye mchoro wako mlango ni mwembamba. Huu si ule. Itabidi ulete mchoro mpya."

"Utasomwa kwa kitabu gani?"

"Kitakachokuwepo zamu yako ikifika."

Alipitisha kidole kwenye mshono, juu hadi chini.

"Umeshona vizuri."

"Upande wa kulia umevuta kidogo," fundi alisema. "Macho siku hizi."

Mkaguzi akaandika kwamba mshono haukatazwi, akaaga.

Watu wawili wangeweza kupita mlango ule bega kwa bega. Tangu ufumuliwe, ukimtoa mwenyewe, ulipitwa mara mbili tu: mkaguzi akiingia, na mkaguzi akitoka.