Nyuzi Mia za Ndarire

Ndarire ni nchi iliyokaa juu ya vilima vitatu kama chungu juu ya mafiga, ila moto wake uko chini zaidi, nao si moto, ni baridi. Huko chini, ndani ya mwamba uliochongwa ukawa ukumbi, ndiko inakokaa Kumbu, mashine kubwa yenye kunguruma kwa upole kama paka aliyeshiba, ambayo tumboni mwake yameandikwa majina ya watu wote wa Ndarire: nani kazaliwa na nani, nani anakaa mtaa gani, nani kaoa, nani kaachika na kwa sababu ipi, maana hata hiyo sababu iliandikwa. Kutoka kwenye Kumbu zilipanda nyuzi mia moja, zikapenya miamba na kuta hadi kwenye kompyuta za mezani zilizotapakaa nchi nzima. Mtu akitaka kuiuliza Kumbu neno, programu iliyo mezani hushika uzi mmoja, huuliza, hujibiwa, kisha huuachia uzi ili na mwingine apate. Waasisi walipiga mahesabu wakaona nyuzi mia zinatosha na kusaza, kwa sababu swali la mtu wa kawaida halichukui hata muda wa kupiga chafya.

Waasisi, Mungu awarehemu, walisahau kuwahesabu Washikauzi.

Hawa ndio wakubwa wa Ndarire. Kila mmoja wao, siku ya kutawazwa, alifunguliwa uzi wake kwa ngoma na matarumbeta, na tangu siku hiyo uzi huo haukufungwa tena. Kompyuta yake iliwekwa katikati ya ukumbi, ikafunikwa kitambaa cha hariri, ikapewa mtumishi wa kuifuta vumbi, nayo ikakaa hivyo hivyo imewashwa, kimya, imeushika uzi bila kuuliza wala kujibiwa. Kufunga uzi wa mkubwa kulihesabiwa sawa na kumvisha sanda angali anakula. Basi kila aliyepanda cheo alipanda na uzi wake, na waliopanda sana wakajiongezea, mmoja wa mke mdogo, mmoja wa shemeji, mmoja wa mbwa. Raia wa kawaida walibaki wakigombea zile chache zilizosalia, na walizigombea katika Nyumba ya Madirisha, jengo refu sokoni, ambako makarani walikaa nyuma ya vioo na foleni ilianza mapema kuliko jogoo.

Ndarire ilikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo iliyowaponza. Katika nchi hiyo hakuna kitu kilichoruhusiwa kushindikana. Mvua isiponyesha ilisemwa imeahirishwa. Daraja likianguka lilisemwa limepumzika. Na karani akimtafuta mtu kwenye Kumbu asimwone, kioo cha kompyuta kilisema neno moja tu, Hayupo. Aliyeambiwa Hayupo hakusalimiwa, hakuuziwa hata chumvi, na siku ya saba, iliyoitwa Siku ya Ufagio, nyumba yake ilikabidhiwa kwa Mshikauzi wa jirani. Wakubwa waliipenda sana siku hiyo. Walikuja na vipimo vya mapazia.

Programu ya Nyumba ya Madirisha iliandikwa na mwanamke mmoja aitwaye Mize, fundi mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito, aliyekaa peke yake tangu mumewe alipomfuata mwingine ng'ambo ya vilima. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne na vikombe viwili tu. Cha pili kilikuwa cha Kidawa, jirani wa ukuta mmoja, mjane mnene aliyeingia kila alasiri bila hodi, akavua kanga ya kichwani, akakaa kwenye kiti kile kile na kuanza: "Shoga, usiniambie hujasikia." Mize alikuwa hajasikia, sikuzote. Kidawa ndiye aliyekuwa mtaa wake, soko lake na harusi zake zote. Akiondoka, chumba kilibaki na joto lake kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Asubuhi moja Kidawa alikwenda Nyumba ya Madirisha kuomba hati ya kuezeka paa upya. Alirudi kabla ya adhuhuri. Mize alikuwa uani anakinga maji, akasikia mwenzake amesimama upande wa pili wa ukuta mfupi.

"Mize, shoga yangu. Habari za tangu asubuhi?"

Mize akainua uso. Kwenye dirisha la nyumba ya mbele pazia lilikuwa limesogezwa kidogo, jicho moja likitazama.

"Nimeambiwa sipo," Kidawa akasema, akijaribu kucheka. "Mimi na mwili wote huu. Hebu niambie kama unaniona."

Maji yalijaa ndoo yakamwagika. Mize akafunga bomba, akainamia ndoo, akaingia ndani. Alasiri ile kiti kilikaa kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale alisikia jinsi saa ya ukutani inavyotafuna.

Kesho yake alianza kazi. Zilibaki siku sita, na wengine wengi walikuwa wameambiwa neno lile lile wiki hiyo. Alijifungia katika chumba cha mafundi, akaifungua programu yake akaichunguza kama mganga anayemminya mgonjwa tumbo, hapa panauma, hapa je. Anwani ya Kumbu ilikuwa sahihi. Namba ya mlango ilikuwa ile ile. Jina la kuingilia na nywila havikuwa na kosa. Kinga ya njia haikuzuia kitu. Siku mbili zilikwisha hivyo, kila kitu kizima na mgonjwa anakufa.

Siku ya tatu akajaribu jambo la kipumbavu. Aliandika jina lake mwenyewe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, akahesabu hadi thelathini.

*Hayupo.*

Alikaa akilitazama. Akajigusa shavu. Kisha akaandika jina la Bwana Fumbwe, Mshikauzi Mkuu, ambaye sura yake ilichapwa hata kwenye mifuko ya sukari.

*Hayupo.*

Hapo Mize alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na wa kukipokea. Mashine haikuwa inakosa majina. Ilikuwa haifiki kwenye Kumbu kabisa. Akateremka kwenye maandishi ya programu, mstari kwa mstari, mpaka akaufikia ule aliouandika kwa mkono wake miaka saba nyuma. Mwanzoni aliandika kwamba uzi usipopatikana, kioo kiseme "Imeshindikana kuunganisha." Msimamizi wa Lugha Njema akaja na kalamu nyekundu, akalikata. "Fundi, Ndarire haishindwi," alimwambia. "Weka Hayupo. Ni neno fupi, halafu lawama inabaki kwa anayeuliza." Mize alikuwa na njaa siku ile na alitaka kwenda nyumbani. Akaliweka. Tangu siku ile kukosa njia na kukosa mtu vikawa jambo moja, na kila aliyekuja wakati nyuzi zote zimeshikwa alifutwa duniani kwa sababu njia ilijaa.

Lakini kwa nini wiki hii zijae kabisa? Akashuka kwenye mwamba.

Mlinzi wa Kumbu aliitwa Mzee Shebe. Alivaa makoti matatu, na kwa kuwa hakuna aliyemtembelea kwa muda mrefu alikuwa na mazungumzo mengi yaliyomlalia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ufunge mlango, baridi isitoroke. Wewe ndiwe yule uliyeachwa?"

"Ndimi. Babu, nionyeshe nyuzi."

Mzee akawasha kioo chake. Orodha ikashuka kama utumbo. "Nyuzi mia. Zilizoshikwa, mia. Huu wa kwanza wa Fumbwe, uko wazi mwaka wa kumi na tisa."

"Anauliza nini?"

"Haulizi. Umelala. Na huu wa mbwa wake."

"Mbwa yu hai?"

"Alikufa zamani. Uzi wake ndio haukufa." Akateremsha kidole hadi chini. "Na huu wa mia uliobaki kwa watu wa foleni, umechukuliwa wiki iliyopita. Mjukuu wa Fumbwe. Mchanga bado; siku ya kutolewa nje mara ya kwanza, kapewa uzi."

Mize akashika kichwa.

"Bado hujacheka," mzee akasema. "Hawa wakubwa, kila wanachoandika, vyeo, mashamba, nishani, hawakukithibitisha. Ukimaliza kuandika, si programu inakuuliza, 'Una hakika?' ubonyeze ndiyo? Sasa nani katika wale atakubali kuulizwa na mashine kama ana hakika? Wameliacha swali linang'aa pale pale. Fumbwe akifunua hariri yake anajiona Mshikauzi Mkuu, kwa sababu anatazama kupitia uzi wake. Mimi nikitazama Kumbu yenyewe, namwona kinyozi wa Mtaa wa Majivu."

"Na uzi ukikatika?"

"Usichokithibitisha umekiandika juu ya maji."

Mize hakuwa mtu wa kumvizia mtu, hata mkubwa. Siku ya tano alipanda kilima cha juu, akakaa barazani tangu asubuhi hadi alipoitwa. Fumbwe alikuwa anakula zabibu, mbele yake kompyuta iliyofunikwa kama bibi harusi.

"Bwana Mkubwa," Mize akasema, "naomba uzi mmoja. Ule wa mbwa tu."

"Mbwa wangu amekwisha kufa. Wewe unataka kumwua tena?"

"Basi funua hapo ubonyeze ndiyo, ili yaliyoandikwa yakae. Nakuambia kwa wema."

Fumbwe akaacha kutafuna. Watumishi wakatazama sakafu.

"Bibi wewe. Mimi niulizwe kama nina hakika?"

"Ni kitufe tu, Bwana."

"Hata shimo ni shimo tu, mpaka utumbukie. Nenda kwenu. Una jirani, nasikia, nyumba yake ina ua mzuri. Kesho kutwa nitakuwa mimi jirani yako."

Njiani kurudi alipita mlangoni kwa Kidawa. Mwanamke yule alikuwa amekaa kizingitini, vitu vyake vimefungwa ndani ya shuka, midomo imekauka kwa kiu na kwa kukosa wa kusema naye. Alimtazama Mize akipita. Mtaa mzima ulikuwa madirishani. Mize akapita.

Siku ya sita, jua likiwa utosini, yeye na Mzee Shebe waliandika amri moja fupi ndani ya Kumbu: uzi utakaokaa kimya saa nzima, ukatike wenyewe. Kisha Mize akapanda Nyumba ya Madirisha, akafuta Hayupo yake na kuandika: *Imeshindikana kuifikia Kumbu. Kosa si lako. Ngoja hapo.* Akaketi nyuma ya kioo akingoja saa ipite, na yasemekana ndiyo saa ndefu kuliko zote zilizowahi kupita Ndarire.

Wa mbwa ulikatika. Wa mjukuu ukakatika. Za shemeji na wake wadogo zikafuata, kisha wa Fumbwe mwenyewe, miaka kumi na tisa, pasipo ngoma wala tarumbeta. Foleni ikaanza kujibiwa kwa kasi hata makarani wakashindwa kupangusa jasho. Yupo. Yupo. Yupo. Watu walishikana mikono hapo hapo kana kwamba wamerudi kutoka safari.

Kidawa alifika dirishani kwa Mize na shuka lake mgongoni. Jina lake likatokea, pamoja na baba yake, mtaa wake, na ua wake mzuri.

"Upo," Mize akasema. "Kidawa, neno lile niliandika mimi. Lilikuwa kosa langu, miaka saba nyuma. Nimelifuta."

"Nimesikia. Foleni nzima inalizungumza." Kidawa akaichukua hati yake ya paa, akaikunja mara nne, taratibu. "La mashine nimelielewa, mashine ni mashine. Uani nilikusalimia. Jana ukapita mlangoni kwangu. Ile nayo nani alikuandikia?"

Nyuma ya Kidawa mtu akakohoa, foleni ikasogea.

"Ahsante, fundi," Kidawa akasema, akaondoka. Hakuwahi kumwita fundi kabla ya hapo.

Kuhusu Fumbwe, walimwengu wana hadithi nyingi. Wengine wanasema alifunua hariri akakuta jina lake na ufundi wake wa zamani, akacheka, akaomba wembe. Wengine wanasema hajatoka chumbani hadi leo. Linalojulikana kwa hakika ni la wenzake thelathini na wanne, ambao habari ziliwafikia kabla saa haijatimia. Kila mmoja alirukia kompyuta yake akagusa kitufe chochote, si kile cha ndiyo, ili uzi usikae kimya, nao ukapona. Tangu hapo hawathubutu kuinuka. Wangeweza kubonyeza ndiyo, mara moja tu, wakaenda kulala; lakini swali lingali linang'aa na shingo zao hazijajifunza kuinama. Kumwachia mtumishi hawawezi, kwani nani atamwamini mtumishi mwenye kidole juu ya cheo chako? Wamekaa. Wanalishwa kwa kijiko. Ndevu zimewafika vifuani, na kila wanaposinzia hushtuka wakagonga, tap, tap, mmoja juu ya kilima hiki, mwingine kile, hata mgeni akiingia Ndarire hudhani ni manyunyu juu ya mabati, akatazama juu akaona mbingu imekauka.

Alasiri Mize hukaa uani kwake. Ng'ambo ya ukuta kuna viti vingi siku hizi na kicheko kikubwa, Kidawa akisimulia jinsi alivyokuwa hayupo, kila siku kwa namna mpya. Mize husikiliza. Mara nyingine sauti ya ng'ambo hupungua ghafla katikati ya neno, kama mtu anayengoja kitu, na Mize hufungua kinywa kuitikia ile salamu ya uani, akakifunga tena. Huko juu wanagonga.