Bagare ya Mkononi

Kitufe cha ngumi kilikuwa kimegoma. Uthmani alikibonyeza kwa ukucha mara tatu, akakiona kinazama na kubaki huko huko chini. Akakigeuza kile kidude cha michezo ya video kilicholetwa kutengenezwa, akafungua skrubu zake ndogo na kuzipanga ndani ya kizibo cha soda, kisha akatoa kipira cheusi kilichokuwa chini ya kitufe. Kilikuwa kimegandwa na sukari ya chai. Alikisugua kwa spiriti na mswaki laini, taratibu, akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha ili ajaribu.

Muziki ukatoka, na mikono yake ikasimama.

Aliujua. Picha zilikuwa zimepakwa rangi upya, watu wana vivuli na nywele zinazopepea, lakini barabara ilikuwa ile ile: mapipa, ukuta wa matofali, ndugu wawili wanaotokea kushoto, mmoja wa shati jekundu, mwingine wa buluu, na wahuni wakiwasubiri. Zamani, katika duka la baba yake, Mzee Atumani, kule mtaa wa Buyenzi, mchezo huo ulikaa ndani ya sanduku la mbao lililomzidi yeye kimo. Jina lake la kweli liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Watoto wote waliuita Bagare, yaani ugomvi.

Mwenye kidude alikuwa Annick, muuguzi wa Kamenge. Alipokileta alisema waziwazi kwamba ni chake mwenyewe, si cha mtoto wake, na kwamba hucheza wakati wa mapumziko ili asahau miguu inavyomuuma. Uthmani akampigia simu. Alimweleza kwamba kimepona, kisha akamwomba amwachie mpaka kesho. Annick akauliza kwa nini.

"Nataka kumuonyesha dada yangu," akasema. "Kesho anasafiri. Hatarudi."

Annick akamwambia asisahau kukichaji.

Dada yake, Khadidja, alikuwa anahamia Kanada kwa binti yake. Mama yao alipofariki, Khadidja ndiye aliyempikia Uthmani, akamfulia, akamtafutia fundi wa kumfundisha kutengeneza redio. Na kwa mtu huyo huyo Uthmani alikuwa amelifungia tumboni neno moja kwa zaidi ya miaka thelathini na tano.

Lilianza Ijumaa. Wanaume walipokwenda msikitini, Khadidja, wakati huo msichana wa miaka kumi na minne, aliachiwa duka, na rafiki yake Mawazo, binti wa majirani waliotoka Uvira, alisimama mlangoni kuangalia njia. Khadidja akacheza, jambo ambalo wasichana hawakuruhusiwa. Hakuna mvulana wa Buyenzi aliyewahi kuvuka barabara ya tatu ya mchezo ule. Yeye aliivuka huku anaimba kwa sauti ya chini. Uthmani, mwenye miaka kumi na miwili, alisingizia kuumwa tumbo ili abaki kumtazama na kucheza naye. Kila Ijumaa aliomba apewe yule wa shati jekundu, na kila Ijumaa Khadidja alimpa wa buluu. Siku moja, kwa hilo tu, akaenda kumwambia baba.

Mzee Atumani hakumpiga mtu. Alisema tu kwamba msichana hataingia tena dukani, na hakuingia. Khadidja akajiuliza ni nani aliyetoa siri ile, shaka yake ikamwangukia rafiki yake, asiseme naye tena. Mawazo alikuja kwao mara mbili. Mara zote mbili Uthmani ndiye aliyefungua mlango, na ndiye aliyesema dada hayupo.

Alimkuta Khadidja nyumbani kwake Ngagara, mtaa wa Kartie Tatu, amepiga magoti juu ya sanduku la safari ili lifungike. Uthmani akamsaidia. Kisha akakisimamisha kidude juu ya sanduku hilo hilo, akachomoa vipande viwili vya pembeni vyenye vitufe, kimoja cha kila mchezaji, akamwekea kimoja mkononi. Muziki ulipotoka, Khadidja alikaa sakafuni kabla ya kusema lolote.

"Bagare," akasema. "Na sanduku lake liko wapi?"

"Siku hizi yote iko humu."

Akakitazama kioo, akacheka polepole, akakisukuma kidude upande wa Uthmani kidogo. "Chukua we mwekundu. Ulikuwa unalia sana."

Wakacheza. Mara ya kwanza Khadidja alikufa penye mapipa, akasema vitufe ni vidogo, ni vya vidole vya panya. Mara ya pili vidole vyake vikakumbuka. Alipiga, akaruka, akamshika mhuni nywele, na bila kujua akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Uthmani aliisikia sauti ile, kidole chake kikaacha kubonyeza. Mtu wake mwekundu akasimama katikati ya barabara.

"Uthmani, unapigwa," Khadidja akasema.

"Dada, ni mi nilimuambia baba."

"Ulimuambia nini?"

"Kama unacheza. Mawazo hakusema kitu. Ni mi."

Kwenye kioo, ndugu wote wawili wakaanguka. Namba kubwa zikaanza kushuka kutoka kumi, zikiuliza kama wataendelea. Hakuna aliyebonyeza. Zikafika sifuri.

"Mawazo alikuya siku ya harusi yangu," Khadidja akasema mwishowe. "Alisimama inje ya lango na zawadi. Nilimuona. Sikutoka."

Uthmani akaomba msamaha. Neno alilolibeba miaka yote ile lilitoka dogo, likaanguka hapo kati yao. Khadidja aliinuka, akanawa uso, akajitanda mtandio.

"Unajua kwenye anakaa?"

"Mutakura, nyuma ya soko."

"Nipeleke."

Wakaenda kwa miguu. Penye kuvuka barabara Uthmani alimnyooshea mkono. Khadidja akavuka peke yake.

Mawazo alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, na ungo wa ndagala, vile visamaki vidogo vikavu, mapajani, akitoa vijiti na mchanga. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe zote. Khadidja akasimama mbele yake, akasema alichokuja kusema, kwa ufupi, bila kujitetea. Uthmani alikuwa amebaki nyuma. Alisikia jina lake likitajwa, kisha neno kesho.

Mawazo aliendelea kuchambua kwa muda.

"Kesho saa ngapi?"

"Asubuhi."

Mawazo akasogea upande mmoja wa mkeka. Akachukua sinia, akamimina humo nusu ya ndagala, akalisukuma hadi pale palipobaki wazi. Khadidja akavua viatu vyake vipya vya safari, akaketi, akaanza kuchambua.

Uthmani alisimama hapo hapo, hajui kama akae au aondoke.

"We Uthmani," Mawazo akasema, bila kuinua macho. "Sogea. Unatuzibia jua."

Akasogea hatua moja, na jua likarudi juu ya sinia.