Taa Si Baridi

Fundi friji alikuwa na jibu moja kwa wateja wake wote. Mtu akimwambia friji yake ni nzima, mbona taa inawaka, alimjibu, "Taa si baridi. Weka mkono." Mtaa mzima ulijua maneno hayo, na mkewe, fundi cherehani, aliyajua kuliko wote.

Fundi huyu alipika bia nyumbani, stoo. Ladha haikuwa mbaya, shida ilikuwa gesi. Mara ya kwanza aliijaza kwenye chupa. Mbili zikapasuka, zilizobaki zikawa kama maji ya kuoshea sufuria. Baba mkwe wake, dereva wa lori aliyestaafu, alionja funda moja, akashukuru sana, kisha akaomba maji ya kusukutulia.

Mkewe aliitaka ile stoo. Alikuwa akishonea sebuleni, na watu wa nyumba hiyo walishazoea kukagua kiti kabla ya kukikalia, kwa sababu ya pini. Basi wakapatana. Jumamosi mzee akija, akimaliza glasi moja bila kuomba maji, stoo ni ya bia mpaka kiama. Akiomba maji, cherehani inahamia.

Safari hii fundi alikuja na pipa dogo la chuma na mtungi wa gesi, ileile inayotiwa kwenye soda. Jumatatu alihamishia bia kwenye pipa, akaliingiza kwenye friji ya jikoni, akapitisha mpira pembeni mwa mlango na kufungua gesi taratibu, jicho kwenye mshale wa presha. Akapaka povu la sabuni kila kiungo. Hapakuvuja popote. Akamweleza mkewe kwamba gesi ina maringo, haikai penye joto. Bia ikipoa sawasawa, inazama yenyewe. Kwa hiyo mlango usifunguliwe mpaka Jumamosi.

Jumanne mwenye bucha akaja mbio, friji yake imekufa na imejaa nyama. Fundi hakuwa na themostati, kile kidude kinachoiamuru friji ipoze, na duka la vipuri lilikuwa limeshafungwa. Akachomoa ya friji yake mwenyewe, akamwokoa mwenye bucha, akajiambia kesho atanunua nyingine. Kesho ikaja na kazi zake, akasahau.

Jumatano mkewe alifungua friji kuchukua maziwa, akakuta yamechacha. Akasema friji haipozi. Fundi akamuuliza nani kamruhusu kufungua, na nani fundi hapa. Akaufungua mlango kiasi cha kupenyeza jicho, akaona taa inawaka, akafunga. Mkewe hakubisha. Alichukua futi yake ya kushonea, akaenda kupima upana wa stoo.

Jumamosi mzee akafika, akakagua kiti, akaketi. Fundi akafungua bomba la pipa kwa madaha. Glasi ikajaa povu tupu. Ya pili, povu. Ya tatu ilimrukia mzee shatini.

"Mwanangu," mzee akasema, "hii ninywe au ninyolee ndevu?"

Fundi akalilaumu bomba, akaulaumu mpira, akaenda kulishika pipa. Lilikuwa vuguvugu kama mtoto aliyetoka kulala. Hapo ndipo alipomkumbuka mwenye bucha. Akabaki ameinama ndani ya friji, mgongo kwao, akipapasa pale themostati ilipokuwa.

"Lakini taa si inawaka?" mkewe akauliza.

Fundi akakaza kiungo cha mpira ambacho hakikuwa kimelegea.

"Taa si baridi, baba watoto. Weka mkono."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono kwa bintiye, akaomba maji.

Cherehani ilihamia siku hiyohiyo. Fundi aliibeba mwenyewe, mzee akimwelekeza mlangoni kama anayerudisha lori nyuma. Jumapili themostati mpya ikafungwa, na Alhamisi pipa likatoa bia baridi, safi, gesi inapanda kwenye glasi kama uzi. Glasi ya kwanza akampelekea mkewe stoo. Mkewe akainywa yote, akabeua, akakubali kwamba ni nzuri, ila asiiweke karibu na nguo ya mteja.

Fundi akaegemea mlango. Akauliza kama, kwa uzuri huo, suala la stoo linaweza kuzungumzwa upya.

Mkewe akakanyaga cherehani. Ilinguruma kwa muda mrefu, na ilipotulia alikuwa anadai glasi ya pili.